Mbu Aliyekula Sungura

Anayepokea kingamwili ya maabara, ile protini ya damu inayoshika kitu kigeni, kwa mara ya kwanza hushangazwa na udogo wake. Mmelipa fedha ya kutosha kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, mmesubiri mpaka mmeanza kusahau mliagiza nini, kisha linafika boksi kubwa lililojaa barafu. Ukilifungua na kupangua vyote vilivyomo, unakuta kichupa kimoja cha plastiki kinachopotea kwenye kiganja. Ndani kuna mikrolita 100 za maji yanayonata, yaani kama matone mawili. Karatasi yake imeandikwa: kingamwili poliklonali, imetengenezwa kwa sungura, inatambua protini fulani, inafaa kwa bloti, izimuliwe mara 1,000. Bloti ni kipimo cha kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando, kisha kuitafuta moja kwa kingamwili.

Wengi wakishasoma hapo wanaona wameshajua yote ya kujua. Mimi miaka yangu kwenye maabara ya mbu hapa Bagamoyo imenifundisha kuisoma karatasi ile kwa jicho lingine. Inakuambia sungura alichomwa nini. Haikuambii damu yake inashika nini kingine, wala haikuambii itafanya nini itakapokutana na sampuli yako wewe, kutoka kwa mbu wako, waliokula walichokula.

Bagamoyo neno kingamwili si geni. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilipoanza mwaka 2009, katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo ilikuwa mojawapo, na Korogwe nayo ilikuwemo. Kwa hiyo ukikaa na kina mama wa hapa utamkuta anayekueleza bila kusita kwamba mtoto anachanjwa ili mwili utengeneze kingamwili. Ni kweli kabisa. Ila sisi tunaitumia kingamwili kwa kazi nyingine. Hatumkingi mtu, tunaitafutia kitu kilichojificha. Tunataka ipite katikati ya maelfu ya protini, iishike moja tu, kisha itupe alama kwamba imeishika.

Protini yetu inaitwa GSTE2. Ni kimeng'enya cha mbu, kimojawapo katika kundi la vimeng'enya vya GST, vinavyomsaidia mdudu kuvunja sumu. Kwa Anopheles gambiae ndicho kinachosifika kwa kuigeuza DDT, dawa ya kuua wadudu, kuwa DDE, ambayo mbu haimuui. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kwa nini mbu wa kijiji fulani hawafi wakiguswa na kiuatilifu, hiki ni kimojawapo cha vitu anavyovitazama. Uzito wake ni kama kilodaltoni 25, kilodaltoni kikiwa kipimo cha uzito wa protini. Naomba namba hiyo uishike, maana ndiyo iliyotutesa.

Jinsi kingamwili hii inavyopatikana ni kazi ya zamani sana. Mwaka 1890, kule Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo inaweza kumkinga mnyama mwingine. Msingi ni uleule mpaka leo. Unachukua protini yako safi, au kipande chake, unaichanganya na kemikali ya kuichokoza kinga, unamchoma sungura chini ya ngozi. Baada ya wiki kadhaa unamrudia, na tena, mpaka kinga yake ipande. Kisha unatoa damu kwenye mshipa wa sikio, unaiacha igande, na yale maji ya njano yanayobaki ndiyo seramu. Ndani ya seramu hiyo kuna kingamwili unayoitaka, ikiogelea pamoja na kingamwili nyingine zote ambazo sungura yule amewahi kuzitengeneza tangu azaliwe.

Hapo ndipo palipo na utamu na uchungu wa poliklonali. Seli zinazotengeneza kingamwili ndani ya sungura ni za koo nyingi, na kila ukoo unaishika protini mahali pake. Ni kama majirani wa mtaa mmoja wanavyomtambua mtu usiku: huyu kwa mwendo, yule kwa kikohozi, mwingine kwa namna anavyofunga geti. Mtu huyo akibadilisha viatu, bado atatambuliwa na wengine. Kwenye bloti hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kabla ya kuendesha jeli tunaichemsha protini na kuikunjua yote. Sehemu ambazo kingamwili moja ilizizoea zinaweza kupotea. Poliklonali haitegemei sehemu moja. Kingamwili monoklonali, iliyovumbuliwa na Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 na kuwapatia Nobel mwaka 1984, hutoka kwenye ukoo mmoja wa seli. Hushika mahali pamoja tu, na ukoo ule ukitunzwa unaendelea kuitoa ileile miaka na miaka.

Utauliza kwa nini basi tusitumie monoklonali tukastarehe. Jibu ni la kibiashara. Wauzaji wanatengeneza kwa wingi kingamwili za protini za binadamu na za panya, kwa kuwa huko ndiko kwenye wanunuzi. Ukitaka ya protini ya mbu, mara nyingi utaambulia sungura aliyechomwa kwa oda maalumu, na ushukuru.

Sasa nije kwenye bloti yenyewe. Tulikuwa na mbu wa aina mbili. Wa kwanza walitoka vijiji vya Zinga na Kiromo, wamefyonzwa asubuhi kwenye kuta za vyumba kwa ile mashine ya betri yenye kikombe. Wa pili ni wa insektari, yaani nyumba ya kufugia mbu, ukoo unaoitwa Kisumu, unaofugwa maabara nyingi duniani kwa sababu haujawahi kuzoea viuatilifu. Ukimgusisha dawa, anakufa. Ndio tunaowapimia wengine. Mategemeo ya kila mtu yalikuwa mamoja: mbu wa vijijini, ambao vyandarua vyenye dawa vimewakuta miaka mingi, watakuwa na GSTE2 nyingi, na Kisumu watakuwa nayo kidogo.

Kazi ilienda vizuri. Mbu wakasagwa, protini ikapimwa ili kila kisima kipate kiasi sawa, jeli ikaendeshwa, protini zikahamishiwa kwenye utando. Utando ukapakwa rangi nyekundu ya Ponceau, ukaonyesha njia zote, yaani safu ya kila sampuli, zimejaa sawasawa. Ukafunikwa kwa maziwa ili kingamwili isijishike ovyo, ukalazwa na kingamwili ya sungura usiku kucha kwenye baridi. Asubuhi ukaoshwa, ikawekwa kingamwili ya pili, ile ya mbuzi inayoitambua kingamwili ya sungura na iliyobeba kimeng'enya cha kutoa mwanga. Picha ilipotoka, ilikuwa safi kuliko tulivyozoea. Mstari mmoja mzito kwenye kilodaltoni 25, pale pale ulipotakiwa kuwa.

Ila ulikuwa mzito kwa Kisumu. Kwa mbu wa Zinga ulikuwepo kwa kufifia, na kwa wa Kiromo baadhi ya njia hazikuwa na kitu.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko bloti yenyewe, kwa sababu kinaonyesha akili za wasomi zinavyofanya kazi. Hakuna aliyesema huenda mstari ule si GSTE2. Ulikuwa kwenye uzito sahihi, karatasi ilisema kingamwili inaitambua GSTE2, basi ni GSTE2. Kikao kizima kikageuka kuwa cha kutafuta sababu za mbu wa Zinga kukosa kimeng'enya. Mmoja akasema usugu wa huku utakuwa wa badiliko la mishipa ya fahamu, ule unaoitwa kdr, hauhusiani na vimeng'enya. Mwingine akaleta habari za vimeng'enya vya P450, kundi jingine la kuvunja sumu. Maelezo yote yalikuwa mazuri, na kila moja lingeweza kuandikiwa ukurasa.

Aliyetutoa huko ni mzee wa insektari. Sisi wote tunamwita Mzee, na yeye anatuita wanawe, hata waliomzidi vyeo. Alikuja kuchukua trei zake, mimi nikiwa bado nimeikodolea macho picha kwenye kompyuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

Nikamwonyesha. Hakuuliza kuhusu kimeng'enya wala jeni. Aliweka kidole kwenye njia za Kisumu akauliza, "Hawa mliwachukua siku gani?"

"Jumanne asubuhi."

"Jumatatu jioni niliwawekea sungura." Akanitazama. "Wamekula wakashiba. Hii si damu ya sungura hii?"

Kwa asiyejua mambo ya insektari nieleze kidogo. Mbu jike hatagi bila damu. Ukiwafuga, lazima uwape damu, na njia mojawapo ya miaka mingi ni kumweka mnyama mpole, aliyenyolewa sehemu ndogo ya ngozi, juu ya kizimba kwa muda. Kwetu wakati ule mnyama huyo alikuwa sungura. Damu hukaa tumboni mwa mbu siku mbili au tatu kabla haijaisha kusagika. Na damu ya sungura imejaa kingamwili za sungura.

Sasa tazama kilichotokea. Kingamwili ya kawaida ya damu, IgG, ina uzito wa kilodaltoni 150. Ukiichemsha na kuikata viungo kama tunavyoifanyia sampuli, inaachana vipande vya aina mbili: minyororo mizito ya kilodaltoni 50 na minyororo myepesi ya kilodaltoni 25. Mnyororo mwepesi wa IgG na GSTE2 vinalingana uzito. Kingamwili yetu ya pili, ile ya mbuzi, kazi yake ni moja tu: kutafuta kingamwili ya sungura popote ilipo. Iliikuta tumboni mwa mbu, ikaishika, ikawaka. Haikukosea chochote, ilifanya ilichoagizwa.

Utasema mstari wa kilodaltoni 50 ungetushtua. Ulikuwepo. Lakini kwenye utando uleule tulikuwa tumeweka pia kingamwili ya tubulini, protini ya kuhakikisha ujazo uko sawa, na tubulini nayo ina kilodaltoni 50 hivi. Mstari ule ukahesabiwa kuwa ni tubulini. Mistari yote miwili ilikuwa na mahali pa kujificha.

Na wale wa Zinga? Matumbo ya wengi wao yalikuwa mekundu pia, kwa kuwa mbu anayekutwa amejibandika ukutani asubuhi mara nyingi ametoka kula. Lakini alikula mtu, au ng'ombe, au mbuzi. Kingamwili ya mbuzi inayotafuta ya sungura inaweza kujisahau ikaishika kidogo ya binadamu au ya ng'ombe, kwa sababu kingamwili za wanyama wanyonyeshao zinafanana. Ndiyo maana mistari yao ilififia. Na njia za Kiromo zilizokuwa tupu, Mzee alizisemea palepale: "Hao hawajala hao."

Kilichonichekesha baadaye ni kwamba Mzee hakubahatisha. Kabla ya kuhamia insektari alifanya kazi na kikosi cha vijijini, na huko walipima kila siku mbu amemnyonya nani. Unamsaga mbu mwenye damu, unaweka majimaji yake kwenye sahani yenye visima 96, unaongeza kingamwili inayoitambua IgG ya binadamu, kisima kingine ya ng'ombe, kingine ya kuku. Kisima kinachobadilika rangi ndicho jibu. Kwake yeye mbu mwenye damu ni kifuko cha kingamwili za mnyama aliyenyonywa, na tangu zamani hajawahi kumwona mbu kwa namna nyingine. Kilichokuwa kero kwenye chumba chetu ndicho kilichokuwa kazi yake ya mshahara.

Kuthibitisha kulikuwa rahisi mno, na ndiyo sehemu ninayomsisitizia kila mwanafunzi anayekuja kwetu. Tuliendesha sampuli zilezile mara mbili kwenye jeli moja, tukaukata utando katikati. Nusu moja ikapata kingamwili ya sungura na ya mbuzi kama kawaida. Nusu ya pili ikapata ya mbuzi peke yake, bila ya sungura. Kama mstari wa 25 ni GSTE2, nusu ya pili itoke nyeupe. Ilitoka na mistari yote, 25 na 50, kwa Kisumu imewaka vilevile. Gharama ya jaribio hilo ni kisu na tone la ziada la kitu ulichonacho tayari.

Tangu hapo mbu wote wa bloti ni majike waliotoka kwenye pupa hapahapa insektari, wa umri mmoja, wanaokunywa maji ya sukari tu. Wa vijijini tunaleta viluwiluwi au mayai, hatusagi tena waliofyonzwa ukutani. Tubulini tumeiacha, kuhakikisha ujazo tunatumia protini nyingine, aktini ya kilodaltoni 42. Mistari ya 25 ikapungua sana kwa wote, ikawa myembamba ya kuhitaji subira. Zinga wakawa juu kidogo ya Kisumu. Si kwa tofauti ile ya kupendeza kwenye picha za makongamano, lakini ilijirudia kila tulipoendesha.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza, maana kelele kubwa ikiondoka, ndogo zinasikika. GSTE2 ina ndugu. Kundi lake lina jeni nane zilizopangana pamoja kwenye kromosomu moja, na protini zao zinafanana uzito na kwa sehemu kubwa zinafanana sura. Sungura aliyechomwa GSTE2 nzima hana sababu ya kuwabagua ndugu zake. Baadhi ya koo zake za seli zitazishika sehemu ambazo ndugu wote wanazo. Kwa hiyo mstari wetu mwembamba, je, ni GSTE2 au ni familia? Bloti haiwezi kukujibu hilo kwa uzito peke yake.

Tulichoweza kufanya ni kuweka kwenye jeli protini safi ya GSTE2, na pembeni yake protini safi ya ndugu yake mmoja tuliyopewa na maabara rafiki. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka pia, kwa uhafifu. Basi tunaandika hivyo: kingamwili hii inaishika GSTE2 vizuri na ndugu yake kidogo. Msomaji wetu ajue. Wenye uwezo zaidi humzimia mbu jeni ile kisha wakaangalia kama mstari unapungua, na wanaofanya kazi na seli za binadamu siku hizi wanaiondoa jeni kabisa na kuitazama bloti ikitoka tupu. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kimataifa lilichapisha njia tano za kuthibitisha kingamwili, na hiyo ya kugusa jeni ilikuwa ya kwanza kutajwa. Nyingine ni kupima protini ileile kwa njia isiyotumia kingamwili hata kidogo. Maabara ndogo haiwezi zote. Inaweza moja au mbili, na hizo zifanywe.

Kuna mtego mwingine niliukuta kwa kingamwili ya rafiki yangu wa maabara nyingine, si yetu. Protini ya kumchoma sungura mara nyingi huzalishwa ndani ya bakteria Escherichia coli, na ili iwe rahisi kuisafisha hubandikwa mkia. Mkia mmojawapo maarufu ni GST, tena unaotokana na minyoo ya kichocho cha Asia, Schistosoma japonicum, wenye kilodaltoni 26. Fikiria mtu anayetafuta GST ya mbu, sungura wake amechomwa protini yenye mkia wa GST! Muulize muuzaji mkia gani ulitumika. Na sungura yeyote, hata asiyechomwa kitu, ana kingamwili dhidi ya bakteria wa tumboni mwake. Kwa hiyo seramu ghafi ikikutana na protini iliyotoka kwenye E. coli isiyosafishwa sawasawa, utaona mistari mingi kama ngazi. Dawa yake ni kuilaza seramu kwanza na majimaji ya E. coli mtupu, zile kingamwili za bakteria zijishikize huko, kisha utumie kilichobaki.

Kitu ninachokidai kuliko vyote ni seramu ya sungura huyohuyo kabla hajachomwa. Wauzaji wa oda maalumu huwa nayo, na wengi hukupa ukiomba wakati wa kuagiza. Ukiomba baada ya mwaka, imeshamwagwa. Seramu hiyo ndiyo shahidi wako: mstari ulioko kwenye seramu ya baada na kwenye ya kabla, huo hautokani na sindano.

Na sungura hufa. Kingamwili poliklonali ina mwisho, kwa sababu mnyama mmoja anatoa damu kiasi, basi. Loti inayofuata, yaani toleo jipya la bidhaa ileile, ni ya sungura mwingine, mwenye kinga yake, aliyeishi kivyake. Jina kwenye kichupa ni lilelile, namba ya bidhaa ni ileile, kinachobadilika ni namba ndogo ya loti pembeni ambayo watu hawaisomi. Loti yetu ya pili ilihitaji kuzimuliwa mara 500 badala ya 1,000, na ilileta mstari mpya nitakaoueleza. Siku hizi tukipata loti nzuri tunanunua vichupa vingi kadiri bajeti inavyoruhusu, na kichupa cha mwisho cha loti ya zamani hatukimalizi mpaka kimekutana na kipya kwenye utando mmoja. Mwaka 2015 watafiti wengi waliungana kwenye jarida la Nature wakitaka kingamwili zitengenezwe kwa mpangilio wa jeni unaojulikana ili mambo haya ya loti yaishe. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Nasubiri ya mbu.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Tunaigawa kwenye vijichupa vidogo siku inapofika, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha kila mara kunaiharibu. Iliyochanganywa na gliserini nusu kwa nusu haigandi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hiyo ni rahisi zaidi. Friza isiyoota barafu msiitumie. Inajipasha joto yenyewe mara kwa mara ili barafu isijenge, na kingamwili inapanda na kushuka nayo. Umeme ukikatika, msifungue mlango kwenda kuangalia kama bado kuna baridi. Hilo nalirudia kila mwaka.

Azidi ya sodiamu inayowekwa kwenye kingamwili ili isiote ukungu inaua kile kimeng'enya cha kutoa mwanga kilichoko kwenye kingamwili ya pili. Ikiwa tone tu kwenye chupa ya kwanza si tatizo, maana unaosha. Ukiiweka kwenye bafa, yaani majimaji ya kuzimulia, ya kingamwili ya pili, utapata utando mweupe pe na utaanza kumlaumu sungura. Maziwa ya unga yawe yasiyo na mafuta, na hayo madukani hapa mjini hayapatikani kila siku. Ukiona kopo, chukua. Yenye mafuta yanaacha mabaka.

Insektari nayo imebadilika. Mzee sasa anawalisha mbu wake kwa utando bandia wenye damu ya ng'ombe iliyopashwa joto, na sungura wamestaafu. Mwanafunzi wetu mpya alifurahi akasema, "Dada, sasa hata waliokula tunaweza kuwatumia." Nikamwambia alete karatasi ya kingamwili ya pili tuisome pamoja, kama imechujwa dhidi ya IgG ya ng'ombe, yaani kama zile zinazoishika ya ng'ombe zimeondolewa. Ilikuwa imechujwa dhidi ya binadamu na panya. Ng'ombe hakutajwa. Akarudi kwenye maji ya sukari.

Mstari mpya niliousema uko kama kwenye kilodaltoni 28, mwembamba, juu kidogo ya ule wetu. Umekuja na loti hii ya sasa. Seramu ya kabla ya sindano hainao, kingamwili ya mbuzi peke yake haiuonyeshi, na kwenye protini safi ya GSTE2 haupo. Upo kwa mbu wa Zinga na kwa Kisumu sawasawa. Mwanafunzi anaamini ni GST ya kundi jingine. Mimi nashuku protini nyingine kabisa yenye kipande kinachofanana. Tumeomba protini safi za GST mbili zaidi tuziweke pembeni. Mpaka zifike, picha zetu zote tunazionyesha utando mzima, juu mpaka chini, na mstari huo ukiwa ndani.